Uji wa Mbegu

Niliolewa Ufipa nikitokea Kasanga, kwa watu wa dagaa na ugali wa muhogo, nikaja na maswali mengi kuliko vyombo. Cha kwanza kunishangaza kilikuwa ntumba, matuta ya mviringo yaliyojaa kwenye kona ya shamba ya mama mkwe. Ndani kuna nini? Siku moja nikachimbua moja. Nikakuta majani yaliyofukiwa, yanaoza, ya moto, yana minyoo tele. Mama mkwe akanikuta nimepiga magoti.

"Unatafuta dagaa, mwanangu?"

Alicheka, kisha akanieleza. Mvua mpya zikianza, matuta hubomolewa, udongo ukatandazwa, na ulezi ukamwagwa juu yake. Mbolea ya dukani ilikuwa imepanda bei, majani yalikuwa ya bure.

Sehemu iliyobaki ya shamba baba mkwe alikuwa ameipa mahindi. Biashara ya mazao ilikuwa imeachiwa huru, malori ya wanunuzi yanafika mpaka mlangoni, na ukimwandalia mgeni ugali wa ulezi watu walisema umemdharau. Mama mkwe akabakiwa na kona ile. Lakini mvua nazo zilikuwa zimeanza kukatika mapema, na ulezi wake ndio uliowahi kukomaa kabla hazijaondoka.

Mvua zilipokaribia alikwenda msibani kijiji cha pili, akakaa siku nne. Nikaona nifanye usafi jikoni. Juu ya moto lilining'inia fungu la masuke, meusi kwa moshi. Nikadhani yamesahaulika. Sikuwa nimeonja ulezi tangu nizaliwe, na mimi nikitaka kujua jambo sina subira. Nikapura, nikapepeta, nikasaga, nikapika uji. Tukaunywa siku tatu, mimi na mume wangu. Yeye, aliyekulia jikoni humo, hata hakuuliza unga umetoka wapi!

Mama mkwe aliporudi mvua ilikuwa imeshanyesha. Alibomoa matuta yote, akasawazisha, udongo ukawa mweusi, laini. Ndipo akaingia jikoni kuchukua mbegu.

"Masuke yako wapi?"

Nikamwambia. Niliona aibu. Tukazunguka kwa majirani, wote walikuwa wameshahamia kwenye mahindi. Tukaenda sokoni Sumbawanga. Ulezi ulikuwepo, wa wapika pombe, lakini muuzaji hakujua umetoka wapi wala unakomaa lini. Mama mkwe akaurudisha guniani.

Kesho yake tulisimama pembeni ya kona ile. Nilikuwa nangoja anifokee.

"Ulikuwa mtamu?" akaniuliza. Alitaka kujua kweli.

"Mtamu sana, mama."

"Mimi msimu wa pili huu sijauonja. Kila suke nililiweka liwe mbegu."

Kisha akaenda kumwomba baba mkwe mahindi, akarudi, akainama, akaanza kupanda.