Mtoto Mtulivu wa Yuliana

Yuliana alikuwa akifanya usafi katika chekechea moja ya watoto wa wenye magari, mjini Morogoro. Kila asubuhi alipiga deki, akafuta bembea, huku watoto wa mwaka mmoja na nusu wakimkimbilia miguuni. Abel wake alikuwa na miezi kumi na tisa, na hata kusimama hajasimama. Yuliana alijifariji kwamba watoto hawafanani.

Abel alishinda kwa Bi Shamsia, jirani yao wa Mafiga, aliyewalea watoto wa kina mama waendao vibaruani. Kila jioni Bi Shamsia alimsifia kwamba hasumbui, na Yuliana alipenda kuyasikia hayo.

Siku maji yalipokatika kazini, alirudi saa sita mchana. Alipiga hodi kwa Bi Shamsia, akaingia. Harufu ya mkojo na uji uliochacha ilimpanda puani hadi akaziba mdomo kwa khanga. Watoto saba, chumba kimoja, kila mmoja kakalishwa ndani ya beseni, kafungwa kitambaa kiunoni asitoke. Nzi walitambaa midomoni mwao. Abel alimtazama mama yake bila hata kunyoosha mikono.

"Nikiwaachia watambae, Mama Abel, jiko la mkaa lile pale, na mlango unatokea barabarani," alisema Bi Shamsia, wala hakuona haya. "Nina mikono miwili tu."

Yuliana alimfungua mwanawe. Mapaja yalikuwa yamechubuliwa na ukingo wa beseni. Alitapika mtaroni, na kilichomtapisha zaidi ni kukumbuka alivyojivunia ule utulivu.

Kesho yake alikwenda naye kazini, akamkalisha kwenye nyasi. Alipogeuka alimkuta Abel ameshika nguzo ya bembea, anajivuta. Akasimama, magoti yakitetemeka. Yuliana alikuwa hajamaliza kutabasamu, mwenye chekechea akafika.

"Mtoe hapo," alisema. "Halafu hiyo nguzo uipige dawa kabla wazazi hawajaja."

Kitambaa cha kufutia kilikuwa mkononi mwa Yuliana. Mtoto alikuwa ameogeshwa alfajiri, kwa sabuni, hadi nyuma ya masikio. Yuliana alikidondosha kitambaa ndani ya ndoo, akambeba Abel, akaondoka bila kuaga.

Kabla ya kuhama Mafiga aliwaeleza kina mama wenzake alichokiona. Wawili walilia. Mmoja, Magreth, alisema alikuwa anajua siku nyingi, akamuuliza Yuliana yeye, Magreth, angempeleka wapi mtoto wake. Yuliana aliona kinyaa hata kuendelea kusimama pale.

Sasa yuko Mlali kwa mama yake, wanalima nyanya. Abel alitambaa vumbini majuma kadhaa, akaanza kutembea akishikilia ukuta wa nyumba, na alipotimiza miaka miwili alikuwa anakimbiza kuku. Jumatatu ile aliyohama Yuliana, watoto sita walirudishwa kwa Bi Shamsia kama kawaida.