Muuguzi aliyejifunza kunyamaza na watoto

Saa tatu asubuhi, muuguzi wa wodi ya watoto amevua viatu na kuketi mkekani, miguu ameinyoosha, anashona soksi kuukuu. Watoto watatu wamemzunguka. Huyu anatunga uzi kwenye sindano butu, yule anachambua vifungo, wa tatu anatazama tu.

Ukipita dirishani utadhani anapumzika. Yuko kazini.

Hapa hospitalini wanamwita Mama Soksi, kwa sababu ya vikaragosi, wanasesere wa kuvaa mkononi, anavyoshona kwa soksi hizo. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya vitanda vibovu. Sasa kuta zina rangi ya samawati, na nje wazazi wamepanga foleni.

"Nilijua kushusha homa, nilijua kufunga kidonda," anasema. "Lakini mtoto aliyeumia ndani, nilikuwa sijui pa kumshika."

Ndiyo maana aliomba nafasi kwenye mafunzo ya kimataifa ya afya ya akili ya watoto, yanayowakutanisha kwa mtandao wauguzi, walimu na madaktari wa nchi kumi na moja. Alisoma jioni akitoka zamu, kompyuta ikiwa juu ya meza ya chakula. Mumewe, fundi seremala, akashika jiko.

"Mwanzoni kila kitu kiliungua," anatania. "Nikala, nikashukuru. Ningesema neno, nani angepika kesho?"

Ili kuhitimu, kila mwanafunzi alitakiwa amhudumie mtoto mmoja hadi apate nafuu. Wa kwake alikuwa msichana wa miaka minane, ambaye hakuwa ametamka neno tangu baba yake agongwe na lori na kufa mbele ya macho yake. Shule ilikuwa imeshasema kwamba asipozungumza kufikia mwisho wa muhula, hataendelea na wenzake.

"Wanasema hana akili," bibi wa mtoto alimweleza muuguzi. "Mwanangu, huyu alikuwa chiriku. Tulikuwa tunamwomba atupumzishe masikio."

Muuguzi alianza na maswali aliyofundishwa. Je, una huzuni? Je, una wasiwasi? Msichana alishika tumbo, akainamisha kichwa.

Jioni ile akalipeleka jambo hilo darasani. "Watoto wa kwetu hawasemi wana wasiwasi," aliwaambia. "Wanasema tumbo linauma, au moyo mzito." Muuguzi wa nchi nyingine akadakia kwamba kwao mtoto mwenye majonzi husema kichwa kinawaka moto. Mkufunzi, daktari wa watoto wa nchi ya mbali, akasimamisha somo, na darasa zima likaanza kuyaandika maswali upya, kila mmoja kwa lugha ya watoto wake.

Mwalimu mmoja kutoka nchi ya theluji ndiye aliyempa mbinu. "Usikae ukimtazama usoni," alimshauri. "Fanyeni kazi ya mikono pamoja, na usimuulize kitu."

Basi wakashona. Wiki zikapita, muuguzi na msichana bega kwa bega, kimya. Kisha siku moja mtoto akainua kikaragosi.

"Huyu hana jicho," akasema.

"Nilitaka kuruka," muuguzi anakumbuka. "Nikajikaza. Nikamjibu tu, 'Kweli, mama. Hebu tumtafutie.'"

Maneno yakaanza kuja, kidogo kidogo, mengi akimwambia kikaragosi. Siku ambayo bibi yake alikuwemo chumbani, likatoka lile zito.

"Baba aliniachia mkono," msichana alimnong'oneza kikaragosi. "Nilikuwa nalilia puto. Akakasirika, akaniachia."

Muuguzi akamgeukia bibi. "Mama, mweleze ilivyokuwa."

Bibi akashuka mkekani, goti moja kwanza, kisha la pili. "Mjukuu wangu, baba yako hakukasirika. Aliliona lori. Alikuachia mkono ili akusukume pembeni, upone. Wenye maduka ya pale barabarani wote waliona. Alitaka wewe ubaki."

Msichana akalia, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Alilia hadi sare yangu ikalowa," anasema muuguzi. "Na mimi nikalia. Kwenye mafunzo hawakunikataza."

Mwisho wa muhula, msichana alisimama mbele ya darasa akasoma hadithi kwa sauti, ukurasa mzima. Mwalimu wake alikuja mwenyewe hospitalini kutoa habari hiyo, akaomba naye afundishwe.

Muuguzi amehitimu. Yale maswali ya Kiswahili sasa yanatumika katika mafunzo, na mwezi ujao anapanda ndege kwa mara ya kwanza, akiwa mkufunzi. Yule bibi ameshamwagiza asirudi amekuwa mtu mkubwa, wa kuongea na watu kwa miadi tu.

Anapanga kila shule ya jirani iwe na mwalimu mmoja aliyefundishwa na chumba kimoja chenye mkeka. Lakini analolitaka hasa ni dogo zaidi.

"Mzazi akija na mtoto mwenye homa, anasema pale mapokezi bila kusita," anasema. "Nataka na huyu mwingine, aliyeumia ndani, amtaje hivyohivyo."

Anafungua mlango kumwita anayefuata. Mama mmoja anasimama kwenye foleni, amemshika binti yake mkono.

"Ni sisi," anasema, na foleni nzima inamsikia. "Mwanangu ana huzuni."