Bahasha ya Tatu Kutoka Juu

Karani wa masjala ya hospitali, ambaye wenzake walimbandika jina la Bahasha, alikuwa ametimiza miaka ishirini na mitatu akipokea majibu ya maabara: anagonga muhuri, anaandika namba daftarini, anapeleka kwa daktari. Kila bahasha hufunguliwa na daktari tu, mgonjwa akiwapo. Kanuni hiyo hakuwahi kuivunja, hata kwa jamaa waliomwita roho mbaya.

Asubuhi hiyo, bahasha ya tatu kutoka juu ilikuwa na jina la mkewe. Ndilo jibu la ule uvimbe wa titi, walilolingoja siku kumi na mbili.

Akaiweka kando. Akairudisha. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, asione kitu ila kivuli cha karatasi iliyokunjwa. Birika la chai lilikuwa likichemka pembeni, naye alijua fika kwamba mvuke hulegeza gundi.

"Bahasha, unaikodolea macho hiyo kama ina miguu," alisema mama wa usafi, akipitisha ufagio mlangoni. "Itakukimbia?"

"Afadhali ingekimbia, mama."

Alipobaki peke yake alijaribu kusali. Yakaja maneno yaleyale: iwe salama, iwe salama. Akaona haya. Kilichomo kilikwisha kupigwa chapa. Siku zote hizo alikuwa akimpangia Mungu majibu, wala hakuwahi kumwomba moyo wa kuyabeba. Akajaribu kuuomba. Ulimi ukawa mzito.

Akazima birika. Akagonga muhuri, akaandika namba, saba yake ikafanana na moja. Akaipeleka mezani kwa daktari, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya saa za kazi: akaketi kwenye benchi la wagonjwa, kando ya mkewe aliyekuwa akingoja kuitwa.

"Umeiona?" mkewe akauliza, macho chini.

"Nimeiona. Sijaifungua."

"Tangu saa mbili unayo? Mwanamume wewe, huo moyo au jiwe?"

"Ningeifungua, mama watoto, ungebaki unangoja peke yako."

 Mkewe alisogea, bega likagusa bega. Miaka yote karani aliwaambia watu wavute subira, kupitia kidirisha, kisha akakifunga. Hakupata kujua benchi lile ni gumu kiasi gani.

Daktari akaita jina. Wakasimama wote wawili. Hofu haikuwa imepungua hata chembe. Ila sala ilimjia tena, fupi, isiyodai jibu lolote: uwe nasi humo ndani.