Sahani ya Mwenye Mgahawa

Tulikuwa watatu ndani ya gari dogo, walimu wa shule moja ya sekondari Morogoro, tukienda Musoma kwenye harusi ya binti wa mwenzetu aliyestaafu na kurudi kwao. Gari lilikuwa la mwalimu wa jiografia, mama mmoja mnene mwenye subira, ambaye hakubali mtu mwingine ashike usukani wake. Mimi nilikaa mbele kwa sababu nikikaa nyuma natapika. Nyuma alikaa mwalimu wa kemia, mwanaume mrefu, magoti yake yakisukuma mgongo wa kiti changu kutoka Morogoro hadi Singida, tulikolala, na tena kesho yake tulipoondoka alfajiri.

Mwalimu wa kemia ni Msukuma wa Kiloleli, Busega. Katika miaka kumi na minne ya kukaa naye chumba cha walimu nilimjua kwa mambo mawili: ukali wake akiwa maabara, na mboga ya mama yake. Mboga hiyo inaitwa nsansa. Ni majani ya kunde yanayochemshwa, yakaanikwa juani mpaka yakauke, yakawekwa akiba. Wakati wa kiangazi, bustani zikiwa hazina kitu, yanapikwa na karanga zilizosagwa. Kila tulipoletewa maharage ya shule alikuwa na neno la kusema kuhusu nsansa ya mama yake. Mwaka mmoja nilipata majani hayo kwa mama mmoja sokoni, nikampikia nyumbani kwangu siku ya sikukuu. Alikula vijiko viwili, akanishukuru kwa adabu nyingi kiasi kwamba niliudhika.

Mama yake alifariki miaka sita iliyopita. Tulichanga, akasafiri, akarudi baada ya siku nne. Tulimpa pole, akaitikia, akaingia darasani. Habari za nyumbani kwao alizikata tangu siku hiyo, ila nsansa aliendelea kuisimulia kama zamani, na mimi sikuona ajabu yoyote.

Tulipita Shinyanga, tukaingia njia ya Maswa. Ulikuwa mwezi wa sita, pamba inavunwa. Kando ya barabara nyuzi nyeupe zilikuwa zimenasa kwenye majani, zimedondoka kutoka kwenye malori. Mwalimu wa kemia alituonyesha mashamba, akatuambia lipi limepaliwa vizuri na lipi mwenyewe alikuwa mvivu. Mwalimu wa jiografia alimwuliza kama tutapita kwao. Alijibu kwamba Kiloleli iko upande wa Mwanza, sisi tunakwenda upande wa Musoma, haiko njiani. Kwenye ramani alikuwa sahihi, na mwenye jiografia yake hakubisha.

Bariadi tulifika saa saba mchana tukiwa na njaa. Tulikuwa na mayai ya kuchemsha tuliyobeba, lakini tulishayachoka tangu Manyoni. Tuliegesha karibu na stendi, tukaingia mgahawa wa bati wenye meza nne za plastiki na ndoo ya koki mlangoni ya kunawia. Vyakula vya siku hiyo vilikuwa vimeandikwa kwa chaki kwenye ubao: wali nyama, ugali sato, ugali dagaa, maharage. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, amejifunga kanga kiunoni juu ya gauni. Alitusalimu sote kwa Kiswahili, kisha akamtazama mwalimu wa kemia usoni, akamwambia, "Mwadila," salamu ya Kisukuma ya mchana. Akaitikia. Wakaendelea kwa Kisukuma, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya chini na ya taratibu kuliko ile ninayoisikia kila siku.

Sisi wawili tuliagiza ugali na sato. Yeye akauliza kama kuna nsansa.

Yule mama alicheka kidogo. Alieleza, safari hii kwa Kiswahili ili na sisi tusikie, kwamba nsansa hauzi. Wateja wake ni madereva na watu wa ofisini, wanataka samaki na nyama; ukimwekea mtu majani makavu anaona umemdharau. Mwalimu wa kemia akasema basi alete sato kama wenzake. Nadhani ni namna alivyolisema hilo iliyomfanya mama asimame pale pale na leso yake mkononi. Akaingia jikoni. Aliporudi, sato walikuwa wawili, na sahani ya tatu ilikuwa na ugali wa mtama na nsansa iliyoungwa karanga, rangi yake kama udongo uliolowa.

"Hii ni yangu," alisema. "Nilijipikia. Kula, mimi nitakula wali."

Mwalimu wa kemia alinawa tena mikono, ingawa alishanawa. Alimega tonge, akachovya, akala. Akamega la pili. Mwalimu wa jiografia alikuwa anatoa miiba ya samaki na hakuwa anamtazama, lakini mimi nilikuwa namtazama, kwa sababu nilikuwa bado na kinyongo changu cha vile vijiko viwili. Nikamwuliza kama inaifikia ya mama yake.

Alitafuna mpaka akamaliza.

"Sijui," alisema. "Sikumbuki tena ya mama ilikuwaje."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Aliweka mkono ukingoni mwa sahani na kuanza kutueleza jambo ambalo kwa miaka sita hakuwahi kutueleza. Basi alilopanda kwenda msibani liliharibika njiani, Nzega, wakakaa karibu siku nzima wakingoja kifaa. Alifika Kiloleli siku moja baada ya maziko. Mama alishazikwa. Dada yake, mkubwa wake kwa miaka minane, ndiye aliyewasimamia watu, akampokea, akamwonyesha kaburi, akamwekea chakula. Kilikuwa ugali na nsansa ambayo mama yao mwenyewe aliianika kabla hajaugua, ndiyo iliyokuwa imebaki ndani ya nyumba. Yeye alikitazama kile chakula, akasema hana njaa. Usiku akasema hana njaa. Kesho yake akapanda basi akaondoka bila kuweka kitu mdomoni nyumbani kwao. Tangu hapo, alisema, yeye na dada yake wanasalimiana kwa simu Krismasi na Pasaka, maneno manne matano, wanakata.

"Nilikuwa naona sistahili," alisema. "Mtu hujamzika mama yako, unakaaje kula mboga yake?"

Mwalimu wa jiografia aliacha kula. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameketi meza ya jirani na sahani yake ya wali, na meza zile hazikuachana hata hatua mbili, kwa hiyo alisikia yote, wala hakujifanya kwamba hakusikia. Alimwuliza kama dada huyo bado yuko Kiloleli. Akajibiwa yupo. Akauliza kama anajua kwamba mdogo wake anapita leo. Akajibiwa hajui.

"Basi mwambie, baba," yule mama alisema. "Asije akasikia kwa watu kwamba ulikula kwangu, yeye ukampita."

Mwalimu wa kemia alimaliza sahani yote. Aliishika kwa mikono miwili akampelekea mwenyewe hadi jikoni, akamwambia wabeja, ndiyo asante ya kwao, tukalipa tukatoka.

Kutoka Bariadi hadi Lamadi nilikuwa nafikiria ile mboga yangu ya sikukuu, na namna nilivyokuwa nimemhesabia kosa mtu aliyekuwa na jambo kubwa kuliko upishi wangu. Niliona aibu, kisha aibu ikapungua, nikabaki natazama ng'ombe wanaovuka barabara. Tulipofika njia panda ya Lamadi, mwalimu wa jiografia aliegesha pembeni na kuzima gari. Kulia ni Musoma, kushoto ni Mwanza. Alisema kwamba harusi ni kesho saa nane, kwamba mafuta yapo, na kwamba yeye ataelekea upande atakaoambiwa. Kisha akaweka mikono juu ya usukani, kama anayengoja wanafunzi wamalize mtihani.

Mwalimu wa kemia alitoa simu. Dada yake alipokea haraka. Tulimsikia akimsalimu, akamweleza yuko Lamadi na wenzake. Kisha tukamsikia dada kwa sauti iliyojaa gari zima.

"Mko wangapi?"

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, mbali kidogo na barabara. Sebuleni pamba ilirundikwa kutoka sakafuni mpaka karibu na dirisha, ikingoja kupelekwa kuuzwa, nasi tukaketi kwenye makochi kando ya rundo lile. Dada alikuwa mrefu kama mdogo wake, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akamshika na mwalimu wa jiografia vilevile. Kwa mdogo wake aliishia kumshika bega na kumwambia amekonda. Kuku alishachinjwa.

Mwalimu wa kemia hakukaa na sisi. Alimfuata dada yake jikoni, nyumba ndogo ya udongo nyuma ya ile kubwa, akaketi kwenye kigoda, akawa ananyonyoa kuku huku dada anachagua mchele. Kupitia mlango wa uani tuliwaona migongo. Waliongea Kisukuma kwa muda mrefu, bila kutazamana, kila mmoja macho kwenye kazi ya mikono yake. Kuna wakati dada aliacha mchele, akajifuta uso na pindo la kanga, akaendelea kuchagua. Baadaye mwalimu wa kemia alitueleza mwenyewe walichozungumza. Miaka yote hiyo dada aliamini kwamba mdogo wake alikataa chakula kwa hasira, kwa sababu walizika bila kumngoja. Alikuwa amewaomba wazee wasubiri mpaka jua lizame, wakakataa, na hakuwahi kumweleza kwa kuwa alijua itaonekana kama anajitetea. Mdogo wake naye hakujua kwamba kuna mtu aliyeomba asubiriwe.

Chakula kilipoiva, kilikuwa wali na kuku wa mchuzi. Dada alitugawia wageni kwanza, akajaza sahani zetu kupita kiasi. Alipofika kwa mdogo wake aliishika sahani hewani kidogo, akatugeukia sisi.

"Walimu, huyu aliwahi kukataa chakula changu," alisema. "Leo mmekuja kushuhudia."

Alisema bila kucheka, lakini sote tulicheka, na yeye akafuata. Kwenye sahani ya mdogo wake alikuwa ameweka firigisi, ambayo kwao ni ya mwanaume mwenye heshima ndani ya nyumba, na wanawake hawaili. Mwalimu wa kemia aliikata katikati kwa vidole na kumpa dada yake nusu. Dada alisita, akatupa jicho mlangoni kama vile mama mkwe wake angeweza kuingia, kisha akaila.

Hakuturuhusu kuondoka jioni ile. Asubuhi tulimkuta mwalimu wa kemia amevua viatu, ameketi kwenye turubai na dada yake, wanaondoa vipande vya majani makavu kwenye pamba kabla haijafungwa. Mwalimu wa jiografia alizunguka gari mara tatu akiangalia matairi ambayo hayakuwa na tatizo. Mwishowe niliwaendea nikawakumbusha kuna bibi harusi. Dada alitusindikiza mpaka barabarani, akatufungia karanga kwenye mfuko, akaniambia mimi, siyo mdogo wake, kwamba Desemba anataka watoto wa huyo mdogo wake waje.

Kanisani tulichelewa, tukaingia wakati vyeti vinasainiwa. Siku hizi, kila Jumatatu wakati wa mapumziko ya saa nne, mara nyingi namkuta mwalimu wa kemia amesimama nje ya chumba cha walimu, simu sikioni, anaongea Kisukuma. Niliwahi kumwuliza yeye na dada yake wanazungumza nini kila wiki. Akasema ni mvua, bei ya pamba, na mbuzi mmoja msumbufu wa jirani.