Kijiti ya mwisho, Nyantende

Leo nilichukua mate ya maman mumoja na kijiti ya pamba ya kupimia mbwa.

Ngojeni nieleze.

Nilienda Nyantende juu ya mbwa zake tatu zenye zinapofuka zikingali ndogo. Ku labo tutalinganisha mate yao na karte, ile ramani ya jeni za mbwa, tuone ugonjwa inatoka kwa mama ao kwa baba. Maman akanitajia ukoo ya mbwa mpaka nyanya yao. Mi naandika tu.

Kisha akauliza: "Docteur, mate inaonyesha kweli mutoto iko wa nani?"

Ndiyo, maman.

"Hata kama amebakia mifupa tu?"

Kijana yake, wanajeshi walimubeba, hajarudia. Chini ya kilima iko shimo moja yenye walitupa maiti, watu banaogopa kuichimbua.

Nikamwambia: mashini yetu iko ya mbwa, maman.

Akafungua kinywa. Akangoja.

Nilikuwa nimebakia na kijiti moja.

Sasa iko mu frigo, pamoja na zile za mbwa. Sisikie kitu mu roho, hata machozi hapana.

Etiketi iko na mistari mbili: jina ya mbwa, jina ya mama yake.

Pa mama, nimeandika jina ya ule maman.

Pale juu, pa mbwa, weye ungeandika nini?