Mfaransa wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kakese, na jioni alifundisha timu ya mpira ya kata. Mwalimu wake yeye alikuwa mtu ambaye hakuwahi kumwona: kocha mmoja Mfaransa aliyezunguka Afrika miaka ile ya tisini, leo nchi hii, mwakani nyingine. Idhaa za ng'ambo zilimtaja kwenye habari za michezo. Redio yetu, ambayo betri zake nilizianika juani ziongeze nguvu, ilikuwa ya Mfaransa kwanza, ya kwetu baadaye.

Mwanzoni nilimwonea wivu. Ugali unapoa, mume kainamisha sikio.

"Amefukuzwa!" alisema siku moja, kama aliyepata msiba. "Ameshinda mechi, na bado wamemfukuza."

Mama mkwe, tuliyekuwa tukiishi naye, akauliza, "Ana watoto?"

Hatukujua.

"Basi aje huku, tumpe shamba."

Baada ya muda yakamkuta na mume wangu. Timu ilifungwa nyumbani, kamati ikaja, wakakaa kwenye viti vyetu na kumwambia apumzike. Nililia jikoni. Akaja akasimama mlangoni.

"Mama watoto, usilie. Hata Mfaransa wanamfukuza."

"Mfaransa anaondoka na ndege, Mwalimu. Wewe una baiskeli."

Akacheka mpaka nami nikacheka.

Shule zilipofungwa, watu wa Usevya walimwita akafundishe timu yao. Aliipakia ile baiskeli juu ya lori akaenda. Huko alikuta vijana wa Kipimbwe, wenyeji wa pale, hawawapi pasi vijana wa Kisukuma, ambao wazazi wao walihamia na ng'ombe kutoka kaskazini. Na vijana hao nao hawakuwapa wale wenyeji. Akawakalisha kwenye sinia moja la wali. Asiyekula na mwenzake, hachezi.

"Mfaransa ndivyo afanyavyo," alinisimulia aliporudi.

"Ulimsikia lini akisema hivyo?"

Akafikiri kidogo. "Hajasema. Lakini angeulizwa, angesema."

Likizo iliyofuata, Usevya walikuja Mpanda kwenye mashindano ya wilaya, wakapangiwa Kakese. Nilikwenda uwanjani na mama mkwe, tukakaa na wanawake wa kwetu kama kawaida. Nilijiambia nitatulia tu. Kumbe moyo hauambiwi. Kijana wa Kipimbwe alikimbia na mpira pembeni, akamwona mwenzake wa Kisukuma katikati, akampa. Yule akapiga, nyavu zikatikisika. Nilijikuta nimesimama napiga vigelegele, peke yangu. Wenzangu wote wamenigeukia.

"Mbona mnaniangalia hivyo nyie?" nikasema. "Yule kocha si wangu?"

Mama mkwe akajikongoja, akasimama kando yangu. "Na mimi ndiye niliyemzaa," akasema, akapiga kigelegele chake, chembamba, kikakatikia njiani. Wanawake wakacheka, tukaendelea kutazama.

Kakese wakarudisha bao, wakaongeza la pili, na mpira ukaishia hapo. Nilidhani nitamkuta mume wangu amenuna. Tulipokuwa tukirudi nyumbani, anasukuma baiskeli, aliniuliza, "Ulilishangilia goli langu?"

"Nani kakuambia?"

"Nilikusikia. Uwanja mzima kimya, sauti ni yako."

Akaendelea kusukuma baiskeli huku anatabasamu, kama aliyeshinda yeye.

Kikombe cha wilaya hakuwahi kukipata. Baada ya Usevya alifundisha Mwese, akipanda vilima kwa miguu na mpira ndani ya kiroba. Walimpenda huko, wakamwacha, wakamwita tena. Mfaransa naye aliendelea kuhama, na kila alipopata kazi mpya mama mkwe alishukuru kama kijana wake mwingine kaajiriwa.

Kisha redio ikatangaza kwamba ameondoka Afrika, anakwenda kufundisha bara lingine. Mume wangu aliizima.

"Hakutuaga," akasema.

Nikamnawisha mikono, tukala.