Mtani Alipokaa Mlangoni

Mzee Abasi aliingia uani asubuhi, kofia mkononi, akasimama karibu na kamba ya nguo. Tunu alikuwa anachochea mkaa. "Shikamoo, Mzaramo," alimwamkia bila kugeuka. Abasi hakuitikia marahaba. Alisema, "Tunu, Mnyamwezi wangu amefariki."

Tunu akacheka. Nani asingecheka? Abasi na baba yake Tunu, Mzee Sabiri, walikuwa watani, na utani wenyewe ulianza kabla ya babu zao kuzaliwa. Tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipoteremka pwani na mizigo begani, Wazaramo wamekuwa watani wao, na mtani hana mpaka, hata msibani. Abasi aliletwa Isanzala na kazi ya reli, akastaafu, akabaki, na muda wote huo alikuwa akimzika Sabiri. Sabiri alipougua malaria, Abasi alikuja na sepetu akapima urefu wa kitanda. Sikukuu ya Idi aliwahi kuwatangazia majirani kwamba pilau lile ni la matanga.

"Basi mzike huko huko," alisema Tunu. "Mimi nina maandazi jikoni."

Akangoja jibu. Mtani hakosi jibu. Lakini Abasi alikuwa akiigeuza kofia yake tu, akiitazama kama kitu alichookota njiani. Ndipo Tunu alipoona suruali ya mzee imelowa hadi magotini na ina tope jekundu. Koleo la mkaa likamtoka mkononi.

"Baba Abasi," alisema. Hakumwita tena Mzaramo.

"Nimemkuta kisimani. Amekaa, ameegemea ukingo, kamba ingali mkononi. Nikadhani amesinzia, nikamtukana. Nikamtukana tena. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun, mwanangu. Nilimtukana mara mbili kabla sijajua."

Sabiri alizaliwa Ntalikwa, nje kidogo ya Tabora, kwa wakulima wa karanga na mihogo. Shule hakwenda mbali. Alijifunza ufundi wa bomba Ng'ambo, mtaa wa Tabora, kwa fundi mmoja mkali aliyemfundisha pia kusoma Kurani, na alipopata kazi ya kuendesha pampu ya maji Isanzala, mji mdogo kwenye njia ile ile ya misafara, alihamia huko na mkewe Zamda. Zamda alitangulia mbele ya haki Tunu akiwa msichana. Sabiri hakuoa tena.

Kila siku baada ya swala ya alfajiri alikwenda kwenye pampu ya halmashauri. Alisema bismillahi, akafungua, akakinga maji kwenye kiganja na kuyaonja mwenyewe kwanza. Kisha ndoo zikaanza. Wajawazito walipita mbele. Mgomvi alirudishwa nyuma ya foleni, hata akiwa mke wa nani. "Maji hayana shemeji," alikuwa akisema, na wanawake wakaangua kicheko, na yule mgomvi akarudi nyuma akicheka pia, maana angefanyaje.

Mwaka huu mambo yakaharibika. Madiwani wa Isanzala waligombana na mkurugenzi wao juu ya bajeti. Wao walitaka fedha za barabara za vijijini, yeye alitaka kumalizia jengo jipya la ofisi. Wakatoka kikaoni, wakarudi, wakatoka tena. Mwaka wa fedha ukaanza bila bajeti kupita. Vibarua wa usafi wakaambiwa wakae nyumbani, taka zikarundikana sokoni hadi mbwa wakazichoka. Umeme wa pampu haukulipwa, ukakatika. Akaja ofisa mmoja na mnyororo, akafunga geti la pampu, akampa Sabiri ufunguo. "Mzee, tunza huu mpaka wakubwa waelewane."

Wakubwa hawakuelewana. Kiangazi kikakaza. Na watu wenye hasira hawawezi kumfokea mkurugenzi aliye nyuma ya madirisha ya kioo, wala diwani aliyezima simu. Walimfokea mwenye ufunguo.

"Mzee Sabiri, fungua!" Mama Flavia, mpika chakula wa pale stendi, alimpigia kelele mbele ya watu. "Wateja wangu wanawe mikono kwa mate?"

"Mwanangu, nikifungua hakuna kitakachotoka. Umeme hakuna."

"Mbona mlimao wako una majani mabichi?"

Mlimao huo ulikuwa mlangoni kwa Sabiri. Alikuwa akitawadhia hapo tangu alipoupanda, na maji kidogo ya udhu yaliushukia mara tano kwa siku. Basi. Lakini mji mzima ulikuwa umekauka rangi ya majivu, na kijani kile kikawa ushahidi. Masolwa kinyozi akasema kwenye benchi lake, kwa sauti, kwamba mzee anafungua pampu usiku na kuuza maji kwa siri. Neno likapita mtaa kwa mtaa. Watu wakaacha kuitikia salamu zake. Msikitini mstari ulinyooka kama kawaida, ila baada ya swala kila mtu alikuwa na haraka.

Sabiri hakujitetea. Alichofanya ni kwenda nyuma ya mji kwenye kisima cha misafara, kisima cha mawe kirefu ambacho watu walikiacha pampu ilipokuja. Alikizibua, akapata kamba, akaanza kuvuta. Maji yalikuwa ya tope, lakini yakituama yalifaa. Aliyafunga kwenye baiskeli na kuyapeleka kwa wazee na wagonjwa, na hakugonga mlango. Aliacha dumu kizingitini akaenda zake. Labda aliona haya, labda aliogopa kutukanwa. Tunu hajui hadi leo.

"Baba, kifua chako hiki," Tunu alimwambia. "Pumzika. Kazi yenyewe wameisimamisha."

"Wamesimamisha bajeti," alijibu. "Kiu hawajaisimamisha."

Sasa alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa kanga, na Tunu alikuwa na hofu moja iliyomkaba kuliko kilio. Kabla jeneza halijatoka, shehe huwauliza watu: mnamshuhudiaje huyu? Nao hujibu kwamba alikuwa mtu mwema, na Mwenyezi Mungu anasikia. Baba yake aliwahi kumsimulia juu ya maiti mmoja wa Ng'ambo ambaye watu walimnyamazia swali lile, na kwamba ukimya ule ulikuwa mzito kuliko udongo. Tunu aliwatazama wanaume wakikusanyika uani, akaona Masolwa amesimama nyuma kabisa, karibu na ukuta, akitazama mlimao.

Kwanza maji ya kuoshea yalikosekana. Mapipa ya mtaa mzima yalikuwa matupu. Wakati waoshaji wakinong'onezana, Mama Flavia aliingia kwa mlango wa nyuma na ndoo mbili, maji safi aliyoyaweka kwa ajili ya biashara yake. Yeye ni Mkatoliki, hakujua ayaweke wapi. Akayatua miguuni pa Tunu.

"Pokea, mama," alisema. "Leo sipiki."

Akatoka kwa mlango ule ule wa nyuma.

Baba akaoshwa, akavikwa sanda, akawekwa kwenye jeneza. Wanawake walibaki ndani. Tunu alisimama penye dirisha, pazia mkononi. Wanaume wanne walipoinama kunyanyua, Abasi alikwenda akakaa chini kizingitini, akanyoosha miguu, akaziba njia.

"Halitoki," alisema.

Minong'ono ikapungua. Watu walijua desturi, mtani hudai haki yake. Wengine wakaanza kupapasa mifuko.

"Rudisheni hela zenu. Huyu Mnyamwezi alikuwa bahili, atafufuka kuzidai." Wachache wakacheka, kicheko kifupi. Diwani, aliyekuwa amevaa kanzu mpya, akasogea mbele ili kusuluhisha. Abasi akamwinulia mkono. "Mheshimiwa, wewe kaa. Hoja zako huwa hazipiti, hata hii haitapita."

Hapo watu walicheka kweli, kwa uchungu, na diwani akarudi nyuma akiinamisha kichwa. Abasi hakucheka.

"Nataka abebe mbele yule aliyesema huyu anauza maji usiku. Simtaji. Mimi ni mtani, nina ruhusa ya kukaa hapa mpaka magharibi. Huyu kapata joto, ataanza kuoza, na aibu itakuwa yenu."

Hakuna aliyesogea. Tunu aliomba moyoni, Ya Rabbi, usimwache mlangoni. Nzi mmoja alitembea kwenye kitambaa cha jeneza. Kisha Masolwa akatoka ukutani. Alipita katikati ya watu bila kumtazama mtu, akavua viatu, akainama, akashika mti wa mbele.

"Nisamehe, Mzee Sabiri," alisema, karibu hakusikika.

Abasi akaondoka kizingitini. Shehe akauliza, "Mnamshuhudiaje?"

"Mtu mwema!" Masolwa ndiye aliyetangulia, kisha uani kote. Tunu aliachia pazia, akakaa sakafuni, na hapo ndipo alipolia.

Jeneza lilipita chini ya mlimao. Kuanzia hapo Tunu hakuona tena, alisikia tu. La ilaha illa Llah ilishuka barabara ya pampu, ikapita geti lenye mnyororo, ikafifia upande wa makaburi.

Mengine aliyasimuliwa na Abasi aliporudi. Walimlaza karibu na Zamda, ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla. Masolwa aliingia kaburini kumpokea. Walifukia kwa sepetu ile ile ambayo Abasi alipimia kitanda. Maji ya kunyunyizia kaburi yalikuwa nusu dumu, kutoka kisimani, nayo yalinyweka mara moja. Shehe akasoma dua, wakaitikia amina, wakarudi. Abasi alimweleza hayo amesimama uani, udongo umemkauka mikononi, na nyumbani hapakuwa na maji ya kumpa anawe.